Usionje, Mama

Sandrine alifika kwenye mgahawa wa Doña Ofelia saa tisa kasoro dakika kumi, na kabla hajavua koti alijua kwamba hataweza kula. Zabroni alikuwa ameshaagiza. Maskini ya Mungu, alikuwa ameagiza kila alichojua kwamba Sandrine anakipenda: maharage yaliyopondwa, nyama ya mbuzi iliyochemshwa na pilipili nyekundu mpaka ikaachana na mfupa, ndimu zilizokatwa vipande, na zile chapati ndogo za mahindi zilizofungwa kwenye kitambaa zisipoe. Meza ya watu wawili ilijaa kama ya watu sita. Wanaume wengine wakiwa na hofu huvuta sigara, wengine hununa. Huyu hofu yake huipeleka jikoni.

"Umechelewa," alisema, akainuka kumvutia kiti.

"Sikuchelewa. Ni wewe uliwahi."

Walikaa. Zabroni alimtazama mara moja, akaondoa macho haraka, akaanza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Wiki tatu, tangu siku ya posa, hawakuwa wameonana. Sandrine alikuwa amejiapiza njiani kwamba hatamwangalia mikono, kwa sababu mikono ile ndiyo iliyomponza tangu mwanzo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuiangalia. Ilikuwa ile ile, mirefu, yenye kovu dogo kwenye kidole gumba. Alitamani kuishika pale pale mbele ya watu, halafu akakumbuka kilichomleta.

Kama hujawahi kuishi Columbus ya Amerika, usije ukadhani kwamba watu wetu wa kule wanaweza kufanya jambo likafichika. Ukinunua kiatu kipya Ijumaa, Jumapili kanisani kiatu hicho kimeshajadiliwa hadi bei. Wakongo, Warundi, Watanzania, wote wamejazana kwenye maghorofa yale yale ya Reynoldsburg, wanapakizana gari moja kwenda kazini, na siri ya mtu hukaa kwenye gari hilo kwa muda wa taa nyekundu mbili. Ukionekana na kijana dukani mnachagua unga, mama yako atakuwa na habari kabla unga haujafika nyumbani.

Mahali pamoja tu palikuwa salama, napo ni kwa Wameksiko. Nani katika watu wetu aache bugali wake wa moto, aende akalipie chapati ya mahindi isiyozidi kiganja?

Zabroni ndiye aliyegundua. Wakati ule walikuwa wakifanya kazi pamoja kwenye ghala la viatu, yeye akiendesha mashine ya kuinulia mizigo, Sandrine akibandika karatasi kwenye maboksi. Siku moja wakati wa kutoka alimnong'oneza, "Dada, kuna Wameksiko wanapika maharage kama ya mama yangu kule kambini Mtabila. Nikikudanganya usinisalimie tena." Wakaenda. Walianza na lile gari la rangi ya chungwa lililoegeshwa karibu na kituo cha mafuta, barabara ya Livingston. Nyama yake haina mpinzani, ila hakuna pa kukaa, na mapenzi machanga yanataka pa kukaa. Wakajaribu upande wa Whitehall, wakakuta wali mkavu na mwenye duka mkavu zaidi. Pa tatu palikuwa na muziki mpaka mtu unamsoma mwenzako midomo. Ndipo wakafika hapa, chumba cha meza saba kati ya fundi wa matairi na mashine za kufulia nguo, ukutani picha kubwa ya Bikira Maria mwenye joho la kijani, na Doña Ofelia mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye tangu Ijumaa ya pili hakuwauliza tena wanataka nini.

Mwaka mzima na miezi miwili walikula hapo. Hapo ndipo Zabroni alipomwambia anampenda, mdomo ukiwa umejaa maharage, ikabidi arudie.

"Kula basi," alisema sasa. "Kidogo tu."

"Zabroni, nina tiketi."

"Tiketi ya wapi?"

"Buffalo. Kesho, saa moja na nusu ya asubuhi. Naenda kwa tantine Patricia, dada ya papa. Alinitafutia kazi kwa nyumba ya wazee. Mama alisema ni hivyo, na mi nilikubali."

Zabroni aliweka chini kipande cha ndimu alichokuwa amekishika. Alikiweka taratibu sana.

"Ulikubali."

"Bon, ulitaka nifanye nini? Tuko watatu tu, mi na mama na kaka Aganze. Papa hayuko. Nimukatae mama?"

"Ulitaka mimi nifanye nini, Sandrine? Nilifanya kama mtu mwenye adabu. Sikukuchukua dirishani. Nilimleta baba mkubwa Karoli kutoka Louisville, saa tatu na nusu za barabara, na wazee wawili, na suti, na kreti tatu za Fanta. Tulisema maneno yote. Mama yako akainuka, akaondoa sahani mezani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakutupa jibu! Baba mkubwa amerudi Louisville amevimba mpaka leo. Anasema hajawahi kufukuzwa kama mbwa."

"Na nyinyi mulifanya nini mbele afunge mlango?"

"Kabla hajafunga? Tulifanya nini?"

"Hamukula!"

Alilitamka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Kwenye meza ya jirani, mzee mmoja wa Kimeksiko aliyekuwa akitazama mpira aligeuka, kisha akarudi kwenye mpira wake. Sandrine alishusha sauti.

"Mama aliamka saa kumi ya asubuhi. Alipika samaki, alitwanga majani ya mihogo akapika sombe, ndizi, wali, bugali ya mihogo na bugali ya mahindi juu hakujua Warundi munapenda gani. Hamukugusa. Hata mayi hamukukunywa. Mulikaa pale mikono juu ya magoti, munaangalia sahani kama kuko nyoka ndani."

"Lakini hiyo ni heshima!" Zabroni alishangaa kweli, na mshangao wake ulimuumiza Sandrine kuliko kama angekasirika. "Kwetu mshenga hali kwa wakwe kabla hajajibiwa. Akishiba kabla ya jibu, kesho watasema alifuata sahani, hakufuata binti. Baba mkubwa angeanzaje kula? Ni Mrundi wa Makamba, wa zamani, yule hata malaika akimkaribisha atasema nijibuni kwanza."

"Na wewe? Wewe ni muzee wa Makamba? Wewe ulikulia kwa kambi, kama mimi."

"Mimi ndiyo kabisa. Mimi ni mkwe." Aliinamisha kichwa. "Mkwe hafungui mdomo mbele ya mama mkwe wake. Hatafuni akimwona. Mama yangu Margareta alinifundisha hivyo tangu nikiwa mtoto, kwamba siku nikioa, mama wa mke wangu asije akaona meno yangu. Heri ningevua shati mbele yake kuliko kutafuna. Nilikuwa na njaa, Sandrine. Sombe ile ilinukia mpaka machozi. Nilikaa na njaa yangu kwa sababu nilimhesabu kuwa mama mkwe tayari."

Sandrine alifunika uso kwa viganja. Mungu wangu, alijisemea, kumbe ndiyo hivyo. Kumbe wote wawili walikuwa wanaheshimiana mpaka wakauana.

Ndipo akajua kwamba hana budi kusema. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye aibu hii alikuwa ameiosha miaka mingi bila kumwonyesha mtu.

"Nisikilize," alisema. "Na usinikatize, nikikatizwa sitamaliza. Tulipokuwa Uganda, kambini Nakivale, mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mtoto wa jirani alikula uji kwetu, usiku akashikwa na homa, kesho yake akafa. Ilikuwa malaria. Muganga wa kambi alisema ni malaria. Lakini wewe unajua batu yetu ya Kivu. Walisema sumu. Walisema Mama Aganze ni mulozi, anawekaka sumu chini ya kucha."

Zabroni alifungua mdomo, akaufunga.

"Tulihamisha hema mara mbili. Kila pahali habari ilitutangulia. Kanisani, siku za sikukuu, kila mwanamuke alileta sufuria yake, na ya mama tu ndiyo walisimamisha. 'Onja kwanza, Mama Aganze.' Mbele ya watu wote, Zabroni. Aonje, wamuangalie kama ataanguka, halafu bado hawali. Alikuwa anarudi na sufuria imejaa, sisi watatu tunakula siku tatu. Tangu pale mama hakupikia mugeni. Hata hapa Amerika. Miaka tano. Nyinyi ndio mulikuwa wageni wa kwanza."

Jikoni kitu kilikaangwa kikalia. Zabroni alikuwa amekunja ngumi juu ya meza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni kitu ya kuambia mwanaume? Nitasema nini, nipende, lakini ujue mama yangu wanamuita mulozi?"

"Ndiyo! Ungesema hivyo hivyo!" Sasa ilikuwa zamu yake kupandisha sauti. "Mwaka mzima, Sandrine. Umenieleza mpaka jina la mbuzi wenu aliyekufa. Hili tu ukalimeza? Ungeniambia ningekula. Ningemwambia baba mkubwa abaki Louisville na heshima zake, mimi ningekula sufuria nzima, na mwiko ningeulamba."

"Na mila yenu?"

"Sijui." Alipangusa uso kwa kiganja. "Sijui. Ningejua la kufanya."

"Hungejua. Na mi sikujua. Na sasa ni kesho saa moja na nusu."

Alinyoosha mkono akamshika kidole gumba, pale penye kovu. Hiyo ilikuwa kwaheri, na wote wawili walijua. Zabroni alimtazama safari hii bila kuondoa macho, akamtazama kama mtu anayesoma barua atakayonyang'anywa, na Sandrine akahisi moyo unamchanika upande mmoja. Alitaka kumwambia nitoroshe mpaka Louisville. Alitaka kumwambia nifuate Buffalo. Hakusema hata moja, kwa maana mlango ulifunguliwa, kengele ndogo ya mlangoni ikalia, na aliyeingia ni mama yake.

Mama Aganze alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani juu ya koti la baridi, mkoba begani, na mfuko wa plastiki mkononi. Nje, kupitia kioo, Sandrine aliona gari la kaka yake Aganze limeegeshwa mbele ya fundi wa matairi. Alichomoa mkono haraka, lakini wapi. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walishasema, na hapa kikohozi kilikuwa kimesikika mpaka barabarani.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Doña Ofelia alitoka jikoni mbio, mikono bado ina unga, akamkumbatia mama yake kama ndugu aliyepotea. Walisalimiana kwa Kiingereza cha kuokoteza, kila mtu cha kwake, wakaelewana vizuri kabisa.

"Mama," Sandrine alisema, "unamujua?"

"Namujua. Mukae tu. Sikukuya kwa kupigana." Mama Aganze alivuta kiti cha tatu, akakaa, akaweka mfuko mapajani. "Remedios, ule tunatumikaka naye kule kwa kufua mashuka ya hoteli, ni dada yake na huyu. Aliniambiaka tangu mwaka jana. 'Binti yako anakulaka kwa dada yangu kila vendredi, kila Ijumaa, na kijana moja murefu, anamuvutiaka kiti.' Nyinyi mulijificha batu ya kanisa. Hamukujificha ba-Mexicain."

Sandrine alitamani ardhi impasukie. Zabroni alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, macho chini, kama mtoto wa shule aliyeitwa ofisini.

"Mwaka muzima ulijua, na hukusema?"

"Ningesema nini? Mwanaume anavutia mutoto yangu kiti, nikasirike?" Aligeukia ukuta kidogo, akaongea kana kwamba anamwambia Bikira Maria wa pale. "Siku ya kwanza kwa ile kazi, saa ya kula, nilifungua kopo yangu ya sombe. Remedios akaweka mukono ndani, akakula. Hakuuliza ni nini. Hakuniambia onja kwanza. Nilienda ku toilette, nikalia mpaka chef ya kazi akanitafuta. Donc nilisema, kama Sandrine anakula kwa hii familia, iko pahali pazuri. Nikanyamaza. Nikangoja huyu kijana aniletee wazee. Akaleta."

Aliuacha ukuta, akamgeukia Zabroni.

"Akaleta, na wakanifanya kama Nakivale."

"Mama, naomba niseme," Zabroni alianza.

"Hapana. Maneno mulisema mengi, hata Kifaransa mulisema. Maneno haitoshi." Akafungua ule mfuko. Ndani yake mlikuwa na kopo la aiskrimu, lile kubwa la plastiki ambalo aiskrimu yake ilikwisha zamani na maisha yake ya kweli yakaanza baadaye. Alilifunua. Mvuke ulipanda, harufu ya sombe yenye mawese na samaki mkavu ikaifunika harufu yote ya pilipili za Doña Ofelia. Pembeni kulikuwa na donge la bugali lililofungwa kwenye karatasi ya nailoni. "Sandrine anaenda Buffalo kesho. Mbele aende, mi nilitaka kujua kitu moja. Hii ni chakula ile ile mulikatalaka. Nimeipika tena. Kama unaniogopa, kijana yangu, sema tu unaniogopa. Sitakuchukia. Nitachukua kopo yangu, nitachukua na mutoto yangu, itakwisha."

Sandrine alielewa yote kwa mara moja. Akila, Zabroni atakuwa ametafuna mbele ya mama mkwe. Kwa mila ya kwao atakuwa amemwambia waziwazi kwamba wewe si mama mkwe wangu na hutakuwa. Asipokula, atakuwa amemwita mlozi mara ya pili, uso kwa uso. Alitaka kuingilia, kueleza, kutafsiri mila ya huyu kwa huyu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Alimtazama Zabroni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

Kimya kilizidi kidogo tu, labda muda wa kuhesabu mpaka tano. Kwa Mama Aganze kilitosha.

"Bon," alisema kwa upole wa kutisha. "Najua kazi yangu."

Akanyoosha mkono. Akamega bugali, akaufinyanga tonge dogo, akalichovya kwenye sombe. Mkono ule ulifanya hivyo kwa mazoea, bila haraka, kama mtu anayetoa kitambulisho. Alikuwa anaonja kwanza. Miaka mitano Amerika, na bado alijua jinsi ya kuliinua tonge juu kidogo ili kila mtu alione.

"Usionje, mama."

Tonge likasimama njiani.

Zabroni alikuwa ameinama juu ya meza. Hakumgusa, asingethubutu kumgusa, lakini alikuwa ameweka viganja vyake wazi chini ya mkono wa mama, vimepokea hewa. "Nakuomba, mama. Usionje. Nipe mimi."

"Ni lazima nionje. Batu wanaonaka vile..."

"Mimi sitaki kuona. Nipe hilo hilo."

Mama Aganze alimtazama, akamtazama binti yake, na pole pole, kama mtu asiyeamini mkono wake mwenyewe, aliliachia tonge likaanguka kwenye viganja vya kijana.

Halafu Zabroni alifanya jambo ambalo Sandrine hakulitegemea. Alilikamata kopo kwa mkono wa pili, akakigeuza kiti chake kwa mguu kikakwaruza sakafu, akakaa akitazama ukuta, pua yake kwenye joho la Bikira Maria, mgongo wake mpana kwa Mama Aganze. Akaanza kula.

Uso wa mama ulibadilika. "Ananipa mugongo? Mimi?"

"Mama, hapana! Hapana, sikiliza." Ulimi wa Sandrine ulifunguka wakati ule, na maneno yakatoka yakisukumana. "Kwao mkwe hatafunaka mbele ya mama mkwe. Ni haramu. Ni kama kuvua nguo. Ni juu ya ile hakukula siku ile, mama, ni heshima, alikuwa na njaa mpaka kulia. Sasa anakula, ila hataki umuone meno."

"Mama mkwe ya nani?"

"Ya Zabroni. Ni wewe."

Mama Aganze alikuwa akiutazama mgongo ule. Shati la Zabroni lilikuwa limelowa jasho katikati ya mabega. Masikio yake yalicheza kila alipotafuna. Alikula kwa mkono, tonge baada ya tonge, bila kupumzika. Doña Ofelia, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa mambo, alizima televisheni, na mzee wa mpira hakulalamika.

"Chumvi iko mingi?" Mama Aganze aliuliza ghafla, kwa sauti ndogo ya mwanamke ambaye miaka mingi hakuulizana na mtu habari za chumvi.

Mgongo ulibaki pale pale. Kichwa kilitikisika: hapana.

"Pilipili?"

Kichwa kikatikisika tena.

Sandrine alikuwa analia na hakujua ameanza saa ngapi. Angempenda mtu yule hata kama asingekuwa na uso kabisa. Alitaka kusimama, auzungushie mikono mgongo ule mbele ya mama na mbele ya Meksiko nzima, lakini mama yake alikuwa ameshainuka, anafunga mkoba.

"Tuende. Aganze ameacha gari inawaka."

Sandrine alilinyooshea mkono kopo kwa mazoea, kwa kuwa nyumbani kwao kopo la aiskrimu lililopotea hutafutwa kama mtoto.

"Acha."

"Mama, ni kopo yako."

"Nimesema acha. Atairudisha mwenyewe. Hata kwao najua kopo hairudi tupu." Alitembea mpaka mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa. Alisema bila kugeuka, na yule wa ukutani alisikiliza bila kugeuka, na kati yao Sandrine alisimama. "Kijana. Buffalo atakwenda, tiketi haivunjwe. Lakini Noeli na mi nitakuwa kule, kwa shangazi yake, na jikoni nitaingia mwenyewe. Umwambie baba mukubwa yako Karoli, toka Louisville mpaka Buffalo ni masaa nane na zaidi. Njiani asikule kitu. Akikula kwangu, nitamujibu. Akikataa tena, na yeye ni muzee, sitaki kusikia habari ya mila, Sandrine atabakia kule, na mi nitasahau kama nilikuonaka."

Zabroni aliacha kutafuna. Sandrine alijua anachokiwaza, maana alikuwa akikiwaza yeye pia: Karoli, aliyevimba Louisville, mtu wa kusema nijibuni kwanza hata kwa malaika. Ni nani atakayemwendea mzee yule na kumwambia avunje mwiko wa miaka sitini kwa sahani ya sombe ya Mkongo? Mabega ya Zabroni yalipanda, yakashuka. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule msafi, akauacha juu kidogo, kama mtu anayeapa kanisani.

Hakugeuka. Mdomo wake ulikuwa umejaa, na mama alikuwa bado yumo.

Kwa hiyo Sandrine aliondoka bila kuuona uso wake. Nje upepo wa Oktoba ulimpiga machoni. Aganze alifungua mlango wa gari, akamuuliza dada yake kwa Kiingereza kuna nini, Sandrine akaingia tu nyuma. Kupitia kioo cha mgahawa alikiona kile kiti kimoja kimetazama ukuta, na mkono unaoshuka kwenye kopo na kupanda.

Mama yake alikaa mbele, akafunga mkanda, akakunja mikono juu ya mapaja. Walipita fundi wa matairi, wakapita taa ya kwanza, wakapita ya pili.

"Ulimuona?" Mama Aganze aliuliza hatimaye.

"Nilimuona, mama."

"Hakuangalia ndani." Alivuta pindo la kitenge, akalishikilia mdomoni, na sauti yake ikatoka kwa taabu nyuma ya kitambaa. "Nilimupatia kopo, Sandrine, na hakuangalia hata ndani mbele ya kula."